SSH imeganda? Usiguse seva kwanza, angalia imekwamia wapi

Juzi saa tatu usiku nipo zangu Makorora, ndo kwanza natoka barazani naingia ndani, simu inaita, dogo mmoja wa Muheza anaesimamia seva ya ghala la machungwa (seva ni kompyuta ya mbali inayowaka muda wote, na SSH ndo njia ya kuiingia na kuiendesha kwa kuandika komandi). Shikamoo kaka, marahaba, kaka SSH imeganda tangu magharibi, nikiandika komandi kishale kinapepesa tu hakuna kinachotokea, na wenye malori wanataka hesabu zao za leo, niingie kwenye paneli niiristati seva? Nikamwambia dogo usiristati, usiguse kitu, nisomee mstari wa mwisho unaouona hapo kwenye skrini. Akasema hakuna mstari wowote, ni kishale tu.

Simu za namna hii napata nyingi, za watu wa Ngamiani, Pongwe, Korogwe mpaka Lushoto, na karibu wote wanataka kuristati. Naomba sana uache hiyo tabia. Kwanza mara nyingi seva yenyewe ni nzima kabisa inafanya kazi, kilichokufa ni njia ya kati yako na yenyewe, sasa unaizima ya nini. Pili kama kweli ina shida, ukiizima unafuta ushahidi, memori iliyojaa inakuwa tupu, kesho tatizo linarudi na wewe hujui lilitoka wapi. Tatu kuna database inaandika mauzo ya watu pale ndani, ukiikata katikati ya kuandika unaweza kuamka na shida kubwa kuliko hiyo uliyolala nayo.

Kwa hiyo tunaanza na swali moja tu, imekwamia wapi?

Kabla ya yote jifunze kutoka kwenye terminali (dirisha la kuandikia komandi) iliyoganda, maana naona watu wanafunga dirisha zima au wanazima laptopu. Bonyeza Enter, halafu alama ya ~, halafu nukta. SSH inajikata yenyewe hapo hapo unarudi kwenye mashine yako. Lazima ianze Enter, bila hiyo haisikii. Hii inafanya kazi ukiwa ulishaingia halafu ikaganda. Ukiwa bado unagonga mlango hujaingia, Ctrl na C inatosha.

Halafu tofautisha kugomewa na kuganda. Ukipiga hodi nyumba ya watu mtoto akajibu "mwenyewe hayupo", umeshajua nyumba ndo yenyewe na njia umeipatia. Hiyo ndo `Connection refused`, mashine ipo, umeifikia, ila kwenye hiyo poti, yaani mlango wenye namba, hakuna anaesikiliza, ama SSH imezimwa ama imehamishiwa poti nyingine, au kuna faiwoli (kichujio cha nani aingie nani asiingie) imewekwa ijibu hivyo. `Permission denied` nayo ni jibu, mlango umefunguliwa ila hawakutambui, tatizo lako ni jina au pasiwedi au funguo. Kuganda ni pale unapiga hodi, hodi, hodi, kimya. Hakuna ndio hakuna hapana. Na kimya kina sehemu zake, kuna kimya cha nje ya geti, kuna kimya cha barazani na kuna cha sebuleni, kila kimoja na dawa yake.

Ili ujue umesimama wapi unaongeza herufi moja tu:

`ssh -v juma@203.0.113.10`

Hilo jina na hiyo anwani ya namba (IP) ni vya mfano, weka vya seva yako. Hiyo `-v` inaifanya SSH iseme kila hatua inayopiga, ukitaka iseme zaidi weka `-vvv` ila kwa kuanzia moja inatosha, tatu zinamwaga maneno mengi mpaka unapotea. Iache isimame yenyewe, halafu soma mstari wa mwisho. Huo mstari ndo kila kitu.

Ikisimama kwenye `Connecting to 203.0.113.10 port 22` na haiendi mbele, hujafika hata getini. Anza na vya karibu, bando lipo? Sitanii, bando likiisha WhatsApp inaweza kuonekana imeshika kumbe ni zile meseji za zamani, fungua tovuti ambayo hujaifungua leo uone. Halafu hakikisha anwani ni sahihi, seva zikihamishwa IP zinabadilika na jina linaweza kuchukua muda kabla halijaelekea kwenye IP mpya. Ukitaka kuijaribu poti peke yake bila SSH:

`nc -vz -w 5 203.0.113.10 22`

Kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Test-NetConnection 203.0.113.10 -Port 22`. Ikikubali poti ipo wazi, ikikaa kimya kuna kitu kinameza paketi zako, yaani vile vipande vya data unavyotuma.

Hapo sasa badilisha njia. Kama upo kwenye wifi washa hotspoti ya simu, kama upo kwenye laini moja azima simu ya mtu mwenye laini ya mtandao mwingine. Ni jaribio la dakika 1 na linakuokolea saa nzima. Njia ya pili ikipita, basi seva ni nzima na shida ipo kwenye njia ya kwanza au seva imeikasirikia hiyo IP yako. Hili la kukasirikiwa nimekutana nalo sana huku. Seva nyingi zinawekwa fail2ban, inayomfungia mtu akikosea kuingia mara 5 ndani ya dakika 10, na kumfungia kwenyewe ni dakika 10 kama hujabadilisha chochote. Sasa mitandao ya simu inawaweka wateja wengi sana nyuma ya IP moja ya nje, wewe na mtu usiyemjua kabisa mnaonekana kwa seva kama mtu mmoja, yeye au virusi kwenye simu yake anabahatisha pasiwedi, unafungiwa wewe ambae hujakosea kitu. Kwa kawaida fail2ban inakugomea kwa `Connection refused`, ila ikiwekwa itupe paketi kimya kimya ndo unaganda hivi. Ukipata njia nyingine ya kuingia fungua hivi:

`sudo fail2ban-client set sshd unbanip` halafu IP yako

Na kinyume chake pia kipo, faiwoli ya kwenye paneli ya waliokukodisha seva umeiruhusu IP moja tu, ile uliyokuwa nayo siku ile, umezima data umewasha umepewa nyingine, umejifungia nje mwenyewe. Ingia kwenye paneli uiongeze IP mpya.

Kingine cha hapo hapo, jaribu `ssh -4`, inailazimisha itumie IPv4, aina ya zamani ya anwani za IP, badala ya IPv6. Jina la seva likiwa na anwani za aina zote mbili na mtandao wako IPv6 yake ni mbovu, SSH inaanza na ile mbovu inasubiri weee mpaka ichoke. Na kuna wifi za gesti na maofisi zinazofunga poti zote isipokuwa za tovuti, 22 haipiti hata ukesha. Kama hiyo seva haina tovuti unaweza kuongeza mstari wa `Port 443` chini ya `Port 22` kwenye `/etc/ssh/sshd_config`, ukaingilia mlango huo kwa `ssh -p 443`. Ila kwenye Ubuntu za karibuni, kama 24.04, poti inashikwa na systemd (programu inayowasha huduma za mfumo), kwa hiyo ukishaandika unafanya `sudo systemctl daemon-reload` halafu `sudo systemctl restart ssh.socket`, la sivyo utasema nimebadilisha mbona haibadiliki. Na poti mpya uifungue kwenye faiwoli kwanza.

Haya, tuseme umepita, umeona `Connection established`, mstari unaofuata unataja toleo la SSH la kwako, halafu kimya. Mwishowe inaweza kukuandikia `Connection timed out during banner exchange`. Hapa geti limefunguka ila mwenye nyumba hajitokezi. Kernel ya seva, yaani kiini cha mfumo wake, imepokea muunganisho, ila SSH ya upande ule haijapata nafasi hata ya kutaja jina lake. Mara nyingi seva imeelemewa kweli, memori imejaa, inahamisha vitu kwenye diski badala ya kufanya kazi. Au ni wale maroboti wa intaneti wanaobahatisha pasiwedi usiku na mchana wamejaa mlangoni, maana SSH inakubali watu 10 tu ambao hawajajitambulisha kwa wakati mmoja, wakifika hapo inaanza kuwatupa wanaokuja kwa kubahatisha asilimia 30, inazidi kuongeza mpaka wakifika 100 inawatupa wote, ndo maana ya ile `MaxStartups 10:30:100`, na unaweza ukawa wewe unaetupwa, ila ukitupwa mara nyingi unaona umekatwa badala ya kimya. Waliobahatika kuwa na konsoli kwenye paneli, ile inayokuonesha skrini ya seva kwenye brauza, waingilie huko maana haitumii SSH kabisa. Ukishaingia:

`uptime`
`free -h`
`df -h`
`sudo journalctl -u ssh -n 50`

La kwanza linakwambia mzigo, la pili memori, la tatu diski, la nne SSH yenyewe inalalamika nini. Kwenye familia ya Red Hat badala ya `ssh` andika `sshd`. Ukishajua anaekula memori ni nani ndo umzime huyo, siyo seva nzima.

Sasa nifike kwa dogo wa Muheza, maana shida yake ndo hii na ndo inayowasumbua watu wengi bila kujua jina lake. Alipoongeza `-v` mstari wa mwisho ukawa huu:

`debug1: expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY`

Na hapo ikakaa. Ukiuona huo mstari, au ule wa `SSH2_MSG_KEXINIT sent` na baada yake hakuna kitu, cha kwanza kukishuku ni ukubwa wa paketi. Nilimwelezea kwa malori yake mwenyewe. Chukulia njia ya kutoka Muheza kuja Tanga mjini kuna sehemu wameweka chuma juu cha kuzuia magari marefu. Bodaboda inapita, baiskeli inapita, Noah inapita. Lori lililojazwa machungwa mpaka juu ya kingo halipiti. Kikawaida pale kwenye chuma anakuwepo mlinzi, anamwambia dereva rudi ukapunguze, futi kadhaa tu, mzigo unapunguzwa maisha yanaendelea. Ila kama mlinzi kaondolewa, au amekatazwa kusema, lori linapotea pale pale na ghalani hawaambiwi, wanasubiri, wanaona halijafika, wanapakia lingine la urefu ule ule wanatuma. Na lingine. Ndo kinachotokea kwenye mtandao. Pingi, ule ujumbe mdogo wa kuuliza kama seva ipo, ni bodaboda, kufungua muunganisho ni bodaboda, ndo maana unaona kila kitu kizuri mwanzo, halafu SSH zikifika pahala pa kupeana funguo za siri zinatuma mzigo mkubwa wa kwanza, unakwama. Yule mlinzi ni ujumbe wa ICMP, ule wa kutoa taarifa za njia, na kuna watu wanaoweka faiwoli wanaofunga ICMP yote wakidhani wanajilinda.

Na kwa nini iwe kwetu sana? Kwa sababu wengi tunatumia intaneti ya simu. Paketi ya kawaida inaruhusiwa kufika baiti 1500. Mtandao wa simu unaichukua paketi yako unaifunga ndani ya bahasha nyingine ili isafiri toka kwenye mnara mpaka kwao, bahasha nayo inachukua nafasi, kwa hiyo nafasi ya mzigo wako inapungua. Ukiongeza VPN juu yake ni bahasha ndani ya bahasha, VPN ya WireGuard kwa kawaida inajiwekea 1420. Hata laini za waya zinazotumia PPPoE zinabaki na 1492. Halafu OpenSSH kuanzia toleo la 9.0 la mwaka 2022 inatumia funguo za kujikinga na kompyuta za kwantamu, nzuri sana, ila ni kubwa, ule upande tu wa kwako unazidi baiti 1100, kwa hiyo mtu kaapdeti laptopu yake na mtandao ni ule ule, ghafla inaganda, anashangaa jana ilikuwa inaingia.

Kupima ni rahisi. Kwanza pingi ndogo ya kawaida ujue seva inajibu pingi, kama haijibu kabisa jaribio hili halitakwambia kitu, rukia lile la chini. Ikijibu, tuma kubwa na ukataze isikatwe vipande:

`ping -M do -s 1472 -c 3 203.0.113.10`

Hiyo ni Linux. Windows ni `ping -f -l 1472 203.0.113.10`, Mac ni `ping -D -s 1472 203.0.113.10`. Kwa nini 1472, kwa sababu kuna baiti 28 za vichwa vinaongezwa juu, jumla 1500. Dogo alipotuma 1472 kimya. Akashusha 1400, kimya. 1372, ikarudi! Jumlisha 28 unapata 1400, hapo ndo urefu wa lori linalopita. Ukiandikiwa kwamba ujumbe ni mrefu mno, huyo ni mlinzi anaongea na ni heri, mbaya ni pale panapokuwa kimya kabisa wakati ndogo zinarudi.

Basi akaweka kikomo hicho cha ukubwa wa paketi, kinachoitwa MTU:

`sudo ip link set dev wlan0 mtu 1400`

Jina la kadi utaliona kwa `ip link`, linaweza lisiwe wlan0. Akaita SSH tena, ikaomba pasiwedi kabla hajamaliza kuniambia anajaribu. Unaweza kuuliza mbona nimepunguza upande wangu tu na malori yanatoka pande zote mbili, jibu ni kwamba kompyuta zikisalimiana mwanzoni kila mmoja anamwambia mwenzake mimi mzigo wangu usizidi hapa, kwa hiyo seva nayo inapunguza inayokutumia. Ila ni kwa miunganisho mipya tu, ile iliyoganda ikate uanze upya.

Hiyo komandi ikizimwa kompyuta inasahaulika. Ya kudumu, kama unatumia NetworkManager, ni `nmcli connection modify "jina la wifi" 802-11-wireless.mtu 1400`, halafu ukate wifi uunge tena, au bora zaidi uingie kwenye ruta ubadilishe MTU pale, nyumba nzima inapona. Wanaotumia Termux kwenye simu hawana ruhusa ya kubadili hiyo, wajaribu kupunguza mzigo wenyewe:

`ssh -o KexAlgorithms=curve25519-sha256 juma@203.0.113.10`

Hii inatumia funguo ndogo. Na kwa yule ambae pingi haijibiwi hili ndo jaribio lako, ikipita kwa hii na bila hii inaganda, basi mshtakiwa ni ukubwa wa paketi. Itumie kama kipimo na kama njia ya dharura, usiifanye ya kudumu maana ile kubwa ina ulinzi zaidi. Na ukiwa na mamlaka ya seva, ukaona wateja wako wengi wanaingia kwa simu, weka kule `sudo sysctl -w net.ipv4.tcp_mtu_probing=1`, seva ikiona mzigo hauitikiwi inajaribu kupunguza yenyewe bila kusubiri mlinzi, na uiandike kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/` ili isipotee ikiwaka upya.

Dalili ya mwisho ya hili tatizo, umeingia vizuri, `ls` inafanya kazi, `pwd` inafanya kazi, ukifungua faili refu au `top` inaganda. Ni lori lile lile.

Kuna inayochelewa bila kuganda, inakaa nusu dakika ndo inaomba pasiwedi. Hiyo ni ndogo. Upande wako jaribu `-o GSSAPIAuthentication=no`, upande wa seva angalia kama `UseDNS` imewekwa yes, ifanye no, maana inajaribu kutafuta jina la IP yako na IP za simu nyingi hazina jina, na angalia `/etc/resolv.conf` ya seva isije ikawa inauliza DNS (seva ya kutafsiri majina kuwa IP) iliyokufa. Na kama una funguo nyingi kwenye kompyuta, SSH inazijaribisha moja moja na seva inachoka baada ya 6, weka `IdentitiesOnly yes` na utaje funguo moja.

Pasiwedi imekubaliwa, umeona `Authenticated to` na `Entering interactive session`, halafu kimya, hapo umo ndani ya nyumba. Mara nyingi kuna kitu kwenye `.bashrc` au `.profile` kinasubiri, mtu kaweka komandi inayokwenda intaneti kutafuta kitu kila unapoingia, au folda ya nyumbani ipo kwenye diski ya mtandao iliyokatika, au diski imejaa. Ingia bila kusoma hayo mafaili:

`ssh -t juma@203.0.113.10 "bash --noprofile --norc"`

Ukiingia, mkosaji yumo kwenye hayo mafaili. Ukikwama bado, jaribu `-o IPQoS=0x00`. Mwaka 2018 OpenSSH 7.8 ilibadilisha alama ya kipaumbele inayopigwa kwenye paketi, na kuna ruta za bei ndogo na mitandao mingine ikiiona hiyo alama inazitupa paketi, na alama yenyewe inapigwa ukishaingia tu, ndo maana kila kitu kinakwenda vizuri mpaka mlango wa mwisho. Ikipona kwa hiyo iandike kwenye konfigi yako uendelee na kazi.

Halafu kuna ya mtu aliyekuwa anafanya kazi vizuri, kaenda kuswali au kununua mihogo ya kukaanga, anarudi imeganda. Kwanza bonyeza Ctrl na Q. Kama vidole vilipita kwenye Ctrl na S kwa mazoea ya kusevu, terminali imesimamishwa, Q inaifungulia, hakuna kilichoharibika. Kama siyo hiyo, ruta au mtandao wa simu umekusahau. Wanatunza orodha ya miunganisho, ule usiosema kitu kwa muda unafutwa, hawakwambii wala hawaiambii seva. Dawa ni kujikohoza kila baada ya muda, fungua `~/.ssh/config` uandike:

`Host *`
`    ServerAliveInterval 30`
`    ServerAliveCountMax 3`

Kila sekunde 30 za ukimya inatuma neno dogo, ikikosa majibu mara 3 inakata yenyewe, kwa hiyo ndani ya kama dakika moja na nusu unajua umekatika badala ya kukodolea kishale. Kwa kawaida hiyo ya kwanza ni 0 yaani imezimwa, ndo maana nasema iandike leo leo.

Umeme ukikatika ruta ikazima ikawaka, au ukatoka wifi ukaingia data, hapo hakuna kukohoa, muunganisho umeshikamana na IP ya zamani na umekufa. Kwa hiyo kazi yoyote ndefu, apdeti, bekapu, kuhamisha database, ifanye ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee kwenye seva hata ukikatika. Unaandika `tmux`, unafanya kazi, ukikatika unaingia tena unaandika `tmux attach` unaikuta inaendelea kule kule. Nimeona mtu apdeti imekatika katikati kwa sababu ya umeme wa dakika 2, mfumo ukabaki nusu mpya nusu wa zamani, duka halikuuza kutwa nzima, na mwenye duka ni mama mtu mzima alikuwa anauliza kwa upole tu lini itarudi. Inauma. Wanaohama hama sana kama wanaofanyia kazi kwenye basi waweke na mosh, mbadala wa SSH, inatumia UDP poti 60000 mpaka 61000, ukibadilisha mtandao inakufuata, ila hizo poti zifunguliwe.

Kama umejaribu yote na hata watu wengine wanalalamika, inawezekana ni nje ya uwezo wako. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, nchi nzima intaneti ikawa inatambaa, siku ile ungeweza kubadilisha MTU mpaka asubuhi. Pima njia kwa `mtr -rwc 50 203.0.113.10`, usome mstari wa chini kabisa, paketi zikipotea katikati tu halafu mwisho zinafika zote si tatizo, ruta za kati nyingi hazipendi kujibu, zikipotea mpaka mwisho ndo njia mbovu.

Na chochote utakachobadilisha kwenye `sshd_config`, acha dirisha moja likiwa limeingia, usilifunge. Andika `sudo sshd -t`, ikikaa kimya faili halina kosa, halafu `sudo systemctl reload ssh`, halafu fungua dirisha la pili ujaribu kuingia. La pili likiingia ndo ufunge la kwanza. Ukiwasha faiwoli ya ufw anza na `sudo ufw allow OpenSSH` kabla ya `enable`, kabla, siyo baada.

Ukikwama kabisa ukataka kuuliza mtu, usitume picha ya kishale. Tuma mistari kama 10 ya mwisho ya `ssh -v` umefuta jina na IP, sema upo kwenye wifi au laini ya simu na umejaribu njia ya pili au la, na pingi kubwa iliyopita ilikuwa ngapi. Funguo yako ya siri, lile faili lisilo na `.pub`, usimtumie mtu yeyote hata akiwa fundi wako wa miaka. Dogo wa Muheza alinitumia hivyo usiku ule ule, saa nne kasoro hesabu za malori zilikuwa zimeshatoka.